Kona ya maswali: Hili neno 'run' linakimbilia wapi jamani?

Toleo lililopita nilimjibu msomaji mmoja kwa mistari miwili tu kwamba neno 'run' kwenye Kiingereza lina maana zaidi ya 600, nikapita zangu nikijua nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zimekuja, meseji zimekuja, kuna mmoja kaniita muongo kabisa, kwaiyo leo kona nzima ni ya 'run', na nyie mliouliza habari za 'since' na 'for' mnisamehe, zamu yenu inakuja.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Maana 600 za neno lenye herufi tatu? Mi nazijua mbili, kukimbia na kuendesha kampuni, na Kiingereza nimekisoma miaka. Hizo zingine kahesabu nani na siku hiyo alikuwa hana kazi nyingine? (Msomaji asiyedanganyika)

JIBU: Marahaba. Kahesabu mtu kweli, na haikuwa siku, ilikuwa miezi tisa. Anaitwa Peter Gilliver, mmoja wa wahariri wa ile kamusi kubwa ya Oxford ambayo toleo lake la pili la 1989 lina majuzuu 20, yaani ukiinunua inataka rafu yake peke yake. Walivyoanza kuiandika upya kwa ajili ya toleo la tatu, mzigo wa 'run' ukamwangukia yeye, akakaa nao miezi tisa, akatoka na maana 645. Na hapo ni 'run' kitenzi tu, 'run' nomino iko pembeni na hesabu yake. Kabla ya hapo bingwa alikuwa 'set', kwenye toleo la 1989 alikuwa na maana 430. Nyuma zaidi, kwenye kamusi ya Samuel Johnson ya 1755, unakuta 'take' ina maana 134, kwaiyo ugonjwa wenyewe si wa leo.

Sasa nikuondoe wasiwasi, 645 haimaanishi ni vitu 645 visivyojuana. Wale jamaa wanakata vipande vyembamba sana. Maji ya mto kutiririka namba yake, pua kutoa kamasi namba yake, rangi ya nguo kuchuja namba yake, wakati mimi na wewe tungesema hayo yote ni kimiminika kinachotoka kilipokuwa kinaenda kwingine, basi. Ukizikusanya kwa jicho la mtu wa kawaida zinabaki familia chache tu.

Na hizo mbili zako zenyewe ni ndugu, sijui kama umewahi kuliona hilo. Mguu unakimbia, maji yanakimbia, alafu zikaja saa na mitambo na treni nazo zikawa 'zinakimbia', maana zinaenda bila kusimama. Mashine ikishakuwa inaenda, lazima kuna mtu anayeifanya iende, huyo naye wakasema 'he runs the machine'. Na kampuni si ni kama mashine yenye watu ndani, basi 'she runs the company'. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo ila sisi tulianzia kwenye kwenda, hatukuanzia kwenye mbio: gari linaenda, dereva analiendesha, mkurugenzi anaendesha kampuni. Tofauti ni kwamba sisi tumebandika '-esha' ili ujue kuna mtu nyuma ya usukani, mwenzetu kaliacha neno vilevile na wewe uone mwenyewe. Hiyo '-esha' ishike vizuri maana jibu linalofuata lote limesimama juu yake.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Naomba unisaidie maana nimeshaaibika vya kutosha. Nimeanza kazi mahali ambapo mawasiliano yote ni Kiingereza. Wiki ya kwanza bosi kanitumia meseji, 'Run this by me before noon.' Mi nikaelewa nikimbie niipeleke kabla ya saa sita, nikaiprinti ile ripoti, nikapanda ngazi mbio ghorofa tatu, nikamwekea mezani nahema, nikageuka nikaondoka. Akabaki ananiangalia. Jioni yake mwenzangu akaniambia 'I ran into your sister yesterday', moyo ukapasuka, nikamuuliza dada yangu yuko hospitali gani. Ofisi nzima ilicheka. Nitalielewa lini hili neno? (Mgeni wa ofisi)

JIBU: Pole sana mdogo wangu, ila hizo ghorofa tatu nimezicheka na mimi, sitakuficha.

Bosi alitaka umwonyeshe ile kitu kwanza, aipitie, atoe neno lake ndo iende mbele. Ndo 'run this by me'. Yaani alitaka ukae, wewe ukakimbia, na neno alilotumia ni 'run', hapo hata mimi naona umeonewa. Na huyo mwenzako alikutana tu na dada yako njiani bila kupanga. Angekuwa kamgonga na gari angesema 'I ran over your sister', na nadhani asingeanza kwa sauti ile ya uchangamfu. Ila tahadhari, 'ran into' ikifuatwa na ukuta au nguzo, 'he ran into a wall', hapo ni kugonga kweli, maana na ukuta hamuwezi kukutana mkasalimiana.

Sasa tatizo lako ni la wasomaji wangu karibu wote na halitokani na uvivu wa kusoma, linatokana na Kiswahili chenyewe. Sisi tumezoea maana ikae kwenye mkia wa kitenzi. Chukua sentensi mbili, 'mtoto kamkimbia mama' na 'mtoto kamkimbilia mama'. Ya kwanza mtoto anatoroka, mama kashika fimbo. Ya pili mtoto anaogopa kitu kingine na mama ndo kimbilio. Mambo mawili yanayopingana kabisa na kilichobadilika ni kale ka-'li' katikati. Ongeza kimbiza, kimbizana, kimbilia, kimbiliana, mtoto mdogo ambaye hajaanza shule anayatumia yote na hakosei. Kwaiyo sikio letu limefundwa kusikiliza mwisho wa kitenzi, kitenzi kikiisha tumeshajua nani kamfanyia nani nini.

Kiingereza ukisikiliza mwisho wa kitenzi hupati kitu. 'Run' itabaki 'run', ikizidi sana 'ran' au 'running'. Ile kazi inayofanywa na '-ilia' na '-iza' kwetu, kwao inafanywa na vijineno vinavyokuja baadaye, 'from', 'to', 'after', 'into', 'over', 'out', 'by', vile ambavyo ukiwa unasoma haraka unaviruka kwa sababu vinaonekana havina uzito. Mtoto kamkimbia mama ni 'ran from', kamkimbilia ni 'ran to', kamkimbiza ni 'ran after'. Wewe jicho lako lilifika kwenye 'run' likasimama hapo, likatafsiri, likaondoka. Mzigo wenyewe ulikuwa kwenye 'by'.

Tuchukue 'out' tuone linavyofanya. 'We've run out of paper', karatasi zimetuishia. Na hapo angalia kitu kingine, kwetu kinachoisha ni karatasi, kwao wanaofanya hiyo 'run' ni watu, ndo maana ukitafsiri neno kwa neno unapata ofisi nzima imetoka nje mbio kwenye karatasi. 'The contract runs out in June', mkataba unaisha mwezi wa sita. Ongeza 'on' mbele yake, 'he ran out on his family', sasa ni mwanaume kaitelekeza familia, hakuna kitu kilichoisha labda uvumilivu. Na 'down' ni balaa lingine, betri ikiwa 'run down' imeisha chaji, mtu akiwa 'run down' yuko hoi, jengo likiwa 'run-down' limechakaa, na ukimwambia mtu 'stop running me down' unamwambia aache kukuponda. Vyote vinashuka, kama ukiangalia vizuri, chaji inashuka, afya inashuka, jengo linashuka hadhi, na wewe unashushwa. Hilo 'down' halidanganyi, ni sisi hatulisikilizi.

Kwa bosi rudi tu umwambie ulielewa vibaya. Atacheka kidogo yataisha.

SWALI: 'I have ran' au 'I have run'? Tumebishana na mume wangu na aliyeshindwa anaosha vyombo wiki nzima, tafadhali jibu haraka.

JIBU: 'I have run.' Ni run, ran, run. Aliyesema 'have ran' aelekee kwenye sinki, na akijitetea kwamba kuna Wazungu wenyewe amewasikia wakisema 'have ran' mwambie ni kweli wapo wanaosema hivyo wakiwa wanaongea, ila vyombo bado ni vyake.

SWALI: Hujambo mwalimu. Binti yangu wa miaka sita anasoma kitabu cha hadithi cha Kiingereza, akafika mahali pameandikwa 'Her nose is running'. Akaniangalia, akaangalia picha, akaniuliza 'mama, mbona pua iko palepale?' Nikakosa la kusema nikamwambia alale. Nimjibu nini? (Mama yake)

JIBU: Sijambo. Mwambie pua haina miguu, kilicho na safari ni kamasi. Alafu mpongeze maana kaona kitu ambacho watu wazima tunakimeza tu bila kutafuna.

Hii si maana ya juzi. Tangu Kiingereza cha kale neno hili limekuwa na kutiririka ndani yake, mbio za mguu na mwendo wa maji vimekaa nyumba moja tangu zamani. Ndugu zao Wajerumani wamewagawia vyumba, 'rennen' ni kukimbia na 'rinnen' ni kutiririka, ukisikiliza unasikia kabisa ni watoto wa mama mmoja. Waingereza wakaachia neno moja libebe wote. Kwaiyo pua ikiwa 'running', bomba likiwa 'running', wino ukilowa ukaanza kusambaa kwenye karatasi, wanja ukichuruzika mashavuni baada ya kulia, vyote ni upande wa maji. Hata 'run a bath' haihusiani na kukimbilia bafuni, ni kufungulia maji yajae kwenye beseni la kuogea.

Nguo je? Umefua shati jeupe pamoja na kitenge kipya, ukatoa shati la pinki. Kwa Kiingereza 'the colours ran'. Sisi tuna neno zuri zaidi hapa, nguo inachuja, na mimi nasema kwa hili tumewashinda maana 'kuchuja' linakuonyesha kabisa rangi inavyotoka kwenye uzi kidogokidogo. Soksi ndefu za kike zile nyembamba zikiachia uzi ukashuka mstari mzima, Mmarekani anaita 'a run', Mwingereza anaita 'a ladder' kwa sababu unafanana na ngazi, na kusema kweli unafanana.

Alafu kuna hili nitaliandika haraka maana mhariri hapendi. 'The runs', kwa wingi na 'the' mbele, ni kuharisha. Na kabla hujacheka kumbuka sisi tunasema tumbo la kuendesha. Wao wametoka kwenye kukimbia, sisi tumetoka kwenye kwenda, tumekutana chooni.

SWALI: Nasoma uchumi, mwaka wa kwanza. Mhadhiri kaongelea 'bank run', nikaenda kwenye programu ya kutafsiri ikaniambia 'kukimbia kwa benki'. Benki inakimbia inaenda wapi na lile jengo?

JIBU: Benki imekaa palepale kama pua ya yule binti. Wanaokimbia ni wenye pesa. Na hapa ule mfano wangu wa mtoto na mama unarudi kwa namna ya ajabu, maana watu wanaikimbilia benki ili waikimbie. Wanawahi kufika ili watoe chao waondoke nacho.

Kinachotokea ni hiki. Pesa uliyoweka benki haijakaa kwenye sanduku lenye jina lako, kubwa yake imekopeshwa kwa watu au imewekezwa mahali, benki inabakiza taslimu kiasi cha kutosha wateja wa siku ya kawaida. Siku ikitoka tetesi kwamba benki ina matatizo, mtu mwenye akili zake anasema ngoja nitoe changu mapema. Na jirani yake naye ana akili. Wakija wote siku moja pesa haitoshi hata kama benki ilikuwa nzima, kwaiyo tetesi ya uongo inaweza ikajigeuza kuwa kweli, na hicho ndo kinachowanyima usingizi wachumi. Marekani miaka ya mwanzo ya 1930 benki ziliangushwa hivyo kwa maelfu mpaka Rais Roosevelt alivyoingia madarakani Machi 1933 akazifunga zote kwa siku kadhaa ili watu wapoe. Uingereza mwaka 2007 foleni zilionekana nje ya matawi ya benki ya Northern Rock. Ila ninayoipenda mimi kwa ajili ya neno ni ya Silicon Valley Bank ya Marekani, tarehe 9 Machi 2023 wateja waliomba kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja, kesho yake ikafungwa na serikali, na sehemu kubwa ya hao watu walikuwa wamekaa kwenye viti wanabonyeza simu na kompyuta. Hakuna aliyekimbia. Bado inaitwa 'run'.

Kwenye insha yako usiandike kukimbia kwa benki. Andika watu kukimbilia kutoa pesa zao benki, ni ndefu lakini msomaji anaelewa nani ana mbio.

SWALI: Mgombea 'runs for president' au 'stands'?

JIBU: Marekani 'run', Uingereza 'stand'. Mmoja anakimbia mwenzake kasimama na wote wanatafuta kura zilezile. Kwetu ni kugombea na hapo ukweli umesemwa bila kupambwa. Na 'running mate', mgombea mwenza, neno limetoka kwenye farasi wa mashindano, alikuwa ni yule farasi anayekimbizwa pamoja na mwenzake ili mwenzake apate mwendo. Ukilijua hilo baadhi ya wagombea wenza unawaonea huruma.

SWALI: Mwalimu kwanini unapoteza kurasa kusifia lugha ya kivivu? Neno moja kazi mia, ni umaskini wa msamiati tu huo. Kiswahili kila kitu kina neno lake. (Mzalendo)

JIBU: Ndugu mzalendo nimekusikia. Jana yako ilikuwaje? Asubuhi ulipiga mswaki, ukapiga pasi shati, ukapiga simu, njiani ukapiga stori na jirani, ukapiga picha, mchana ukapiga miayo, jioni ukaenda kwa mtu ukapiga hodi. Umepiga kutwa nzima na hakuna aliyeumia. Na hapo hatujafika kupiga kura, kupiga magoti, kupiga mbizi, kupiga chafya, kupiga mluzi, kupiga chenga, kupiga marufuku, na yule kijana ambaye mchumba wake kampiga chini.

Mfikirie mgeni anayejifunza Kiswahili. Kafundishwa siku ya kwanza 'piga' ni kumchapa mtu, siku ya pili anasikia mwenyeji wake anasema anaenda kumpigia mama yake, anatoka mbio kwenda kuamulia. Ni yuleyule mgeni wa ofisi hapo juu, ila huyu kavuka mpaka akitokea upande wa pili.

Na huo si umaskini bwana, lugha maskini ingekosa cha kusema. Maneno yanayotumika sana, yale ya mwili, kwenda, kukaa, kushika, kupiga, ndo yanayolimbikiziwa kazi kwa sababu yako mdomoni muda wote, kikija kitu kipya ulimi unachukua kilicho karibu. Simu ilivyokuja hatukuitungia kitenzi, tukasema tutaipiga. Kompyuta ilivyokuja wao hawakuitungia kitenzi, programu wakasema 'it runs'.

Ila usichanganye hili na kitu kingine kinachofanana nalo. 'Kaa' wa baharini, 'kaa' la moto na 'kaa' chini, hayo ni maneno tofauti yaliyogongana sura tu, kama watu wawili wasio ndugu wenye jina moja, wataalamu wanaita homonimu. Kiingereza nacho kinayo, 'bark' ya mbwa na 'bark' ya mti hazijuani kabisa. 'Run' na 'piga' siyo hivyo, hapo ni neno moja lililozaa ukoo, na hilo wanaliita polisemia. Kwenye kamusi utaona, homonimu zinapewa vichwa tofauti na namba ndogo pembeni, polisemia zinapangwa chini ya kichwa kimoja zikisubiri usome mpaka uchoke.

Sasa hebu jiulize, maana za 'piga' nani alikukaririsha? Hakuna. Ulikuwa unasikia neno linalofuata, pasi, picha, kura, na linalofuata ndo linakwambia. Kwaiyo lile jambo nililolia nalo juu kwamba Mswahili anasikiliza mkia wa kitenzi, kwenye 'piga' analiacha mwenyewe anaangalia kulia bila kufundishwa. Fanya hivyohivyo kwenye 'run a fever', ana homa, 'run a risk', anajiweka hatarini, 'run an errand', katumwa mahali au ana kishughuli cha kufuatilia, 'run a red light', kapita taa nyekundu. Ni 'piga' yao hiyo.

SWALI: Nimenunua daftari nanakili maana za 'run' kutoka kwenye kamusi, nimefika ya 70. Nikifika zote nitakuwa nimeiva? (Mkaza buti)

JIBU: Acha. Weka kalamu chini. Kwanza inategemea unanakili kamusi ipi, maana ile kubwa ya Oxford inapanga maana kwa umri, ya zamani inaanza, kwaiyo unaweza ukawa umejaza kurasa kumi za mambo ambayo waliokuwa wa mwisho kuyasema wamezikwa kitambo. Kamusi za wanafunzi zinajitahidi kuanza na zinazotumika sana, hizo ni afadhali kwako. Pili, maana ikiwa peke yake haishiki kichwani. Hilo daftari lisipotee, geuza tu upande wa nyuma uandike sentensi nzima kila ukikutana na 'run' sehemu, pamoja na maneno mawili matatu yanayoifuata, na uliikuta wapi. Ukiwa na sentensi 30 za namna hiyo utashangaa ya 31 unaielewa hujaitafuta.

SWALI: Mwalimu hili ni la ugomvi wa biashara. Nimeuziwa saa ya mkononi na mtu wa mbali, tunaandikiana Kiingereza. Nikamuuliza saa ikoje, akajibu 'It's running perfectly.' Nikamwambia kama inakimbia siitaki, anipe inayoenda sawa. Akakasirika. Nani ana kosa?

JIBU: Hakuna. Ni neno limewafitinisha. Kwetu saa ikikimbia ni mbovu, iko mbele ya wenzake, inapelekwa kwa fundi. Kwao saa ikiwa 'running' ni nzima, mishale inazunguka, ndo alichokuwa anakwambia, na 'perfectly' kabisa. Hiyo mbovu ya kwetu wao wanasema 'it's running fast', na inayobaki nyuma 'it's running slow', yaani hata saa inayojikokota bado kwao inakimbia, inakimbia polepole. Mwombe radhi chukua saa yako.

Na mtu naye akiwa 'running late' hana mbio zozote, kachelewa tu, inawezekana hata kitandani hajatoka. Mhariri kaniandikia hivyo mara mbili tangu asubuhi, 'you're running late', na mimi nimekaa kwenye hiki kiti sijanyanyuka hata kwenda kunywa maji.